Meza yetu na mesa ya Wareno: asili na maana za neno moja la Kilatini

Msomaji wetu, mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, anaeleza kwamba mwanafunzi wake aliliona neno mesa katika kitabu cha kujifunzia Kireno, akauliza kama ndilo hilo hilo meza letu. Mwenzake akapinga, akisema kuwa meza limetokana na kitenzi kumeza kwa sababu mezani ndipo watu wanapolia chakula. Mwalimu anataka kujua nani kati yao amepata, neno hilo lilitoka wapi, lina maana gani huko kwao, na kwa nini Wafaransa na Waitaliano, ambao lugha zao ni ndugu wa Kireno, hawalitumii.

Mwalimu, aliyepata ni yule wa kwanza. Hata hivyo hoja ya mwenzake si ya kupuuzwa, kwa sababu amehisi jambo la kweli: tangu mwanzo neno hili limefungamana na chakula kuliko lilivyofungamana na mbao. Nitarudi kwenye kumeza baada ya kulifuata neno lenyewe kutoka Roma, kwani bila safari hiyo jibu litakuwa dai tupu.

Katika Kilatini cha vitabuni neno ni mensa. Mtaalamu wa Kirumi Varro, aliyeishi kati ya mwaka 116 na 27 KK, alitoa maelezo mawili ya asili yake. La kwanza ni kwamba limetokana na neno la Kigiriki mesa, yaani "ya katikati", kwa kuwa meza huwekwa katikati ya walaji. La pili ni kwamba linahusiana na kitenzi cha kupima, metiri, ambacho umbo lake la kutendwa ni mensus kwa jinsi ya kiume na mensa kwa jinsi ya kike, maana yake "iliyopimwa", kwa kuwa chakula kilichowekwa pale kiligawiwa kwa kipimo. Maelezo ya kwanza yanavutia masikioni lakini hayasimami, kwa maana neno la Kigiriki halina sauti n, na hakuna sababu ya Warumi kuipachika. Maelezo ya pili yanaafikiana kabisa na umbo la neno, na mimi nayaona kuwa ndiyo yenye nguvu: kwanza ilikuwa sehemu ya chakula iliyopimwa, kisha jina likahamia kwenye kile kinachobeba sehemu hiyo.

Kuna ushahidi wa pembeni unaoyapa uzito. Katika utenzi wa mshairi wa Kirumi Virgil kuhusu Aeneas, shujaa wa Watroya, kitabu cha saba, Watroya waliofika Italia wanapanga matunda juu ya mikate bapa, na matunda yanapokwisha njaa inawafanya waile mikate yenyewe, ndipo kijana Iulus anaposema kwamba sasa wanakula hata meza zao. Neno alilotumia mshairi kwa mikate hiyo ni mensae. Nayo lugha ya Kiumbria, ndugu wa Kilatini iliyozungumzwa Italia ya kati, ina neno mefa katika mabamba ya shaba ya Gubbio, na maana yake ni aina ya mkate wa sadaka. Sehemu ya chakula, mkate unaobeba chakula, kisha ubao wenye miguu: hatua zinafuatana bila kulazimishwa.

Warumi wenye uwezo walikula wakiwa wameegemea kiwiko juu ya vitanda vitatu vilivyozunguka meza ndogo, na meza hiyo iliweza kuondolewa pamoja na vyombo vyake ili nyingine iletwe. Kwa hiyo mensa ikapata pia maana ya awamu ya mlo, na mensa secunda, yaani "meza ya pili", ikawa jina la matunda na vitamutamu vya mwishoni. Wakati huohuo meza ilikuwa mali ya kujivunia. Mwandishi wa Kirumi Plinius anaandika kwamba Cicero, msemaji na mwanasiasa mashuhuri wa Roma, alilipa sarafu 500,000 ziitwazo sestertii kwa meza moja ya mti wa thamani uliotoka Mauretania, yaani maeneo ya milima ya Atlas, na kwamba meza hiyo ilikuwa ingalipo katika zama zake. Sokoni nako, mensa ilikuwa meza ya mbadili fedha, na mwaka 352 KK Roma iliteua watu watano walioitwa mensarii ili kushughulikia madeni ya raia. Wagiriki walipita njia hiyo hiyo kwa neno lao trapeza, ambalo hadi leo ndilo jina la benki katika Kigiriki. Meza alizozipindua Yesu hekaluni katika Mathayo 21:12 ni mensae za namna hiyo katika Biblia ya Kilatini.

Sasa nifike kwenye sauti, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye utamu wa swali hili. Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa Kilatini kina mensa, ile n imekwenda wapi? Jibu ni kwamba haikupotelea Ureno wala Hispania. Ilikuwa imekwisha kupotea vinywani mwa Warumi wenyewe. Tangu zamani sana, n iliyotangulia s katika Kilatini ilitamkwa kwa udhaifu, ikabaki unazali, yaani sauti ya puani, juu ya irabu iliyorefushwa, kisha unazali nao ukatoweka. Ndiyo maana cheo cha konsuli kilifupishwa kwa herufi COS juu ya mawe, bila n. Walimu wa sarufi walipigana na matamshi hayo kama walimu wa kila zama wanavyopigana na lugha ya mitaani. Kuna orodha mashuhuri iitwayo Appendix Probi, yenye masahihisho yapatayo 227, iliyohifadhiwa katika hati iliyonakiliwa karibu na mwaka 700 kwenye monasteri ya Bobbio, kaskazini mwa Italia. Masahihisho yake yana muundo mmoja: sema hivi, usiseme vile. Moja kati yake ni mensa non mesa, yaani "mensa, si mesa". Mwalimu huyo asiyejulikana, kwa kukataza, ametuachia ushahidi mzuri kuliko wote kwamba watu walikuwa wakisema mesa.

Ushahidi wa pili unatoka nje ya Kilatini. Wagothi, kabila la Kijerumani lililoishi jirani na Dola ya Roma, walilikopa neno hili likiwa tayari halina n: katika tafsiri ya Biblia ya Kigothi iliyofanywa na Wulfila katika karne ya 4, meza ni mes, na katika Marko 11:15 meza za wabadili fedha zimeandikwa kwa neno hilo. Waazimaji huchukua wanachosikia, si kilichoandikwa. Mabadiliko yenyewe hayakuwa ya neno hili peke yake: mensis, "mwezi", limezaa mês la Kireno, mes la Kihispania, mese la Kiitaliano na mois la Kifaransa, sponsa, "mchumba wa kike", limezaa esposa na sposa, insula, "kisiwa", limezaa isola la Kiitaliano na isla la Kihispania. Kila palipo n na s pamoja katika maneno ya urithi, n imeondoka. Palipo na n iliyobaki, kama katika neno mensa la Kiitaliano cha leo lenye maana ya bwalo la chakula la kiwanda au chuo, au comensal la Kihispania na Kireno lenye maana ya mtu mnayekula naye meza moja, basi neno hilo limechukuliwa upya na wasomi kutoka vitabuni, halikupokewa kwa mama na bibi.

Kila lugha iliyorithi mesa iliitengeneza kwa kanuni zake. Kireno na Kihispania cha kale ziliigeuza s ya katikati ya irabu kuwa z katika matamshi, ingawa maandishi yalibaki na s. Baadaye, katika karne ya 16, Kihispania kikairudisha sauti hiyo kuwa s, ilhali Kireno kikabaki na z. Mwalimu aishike tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayotueleza kwa nini sisi tunasema meza na Wafilipino, waliotawaliwa na Hispania, wanasema mesa kwa s. Kiromania kina masă, ambalo kwa mtazamo wa kwanza halifanani sana na wenzake, lakini wingi wake ni mese, na hapo ile e ya zamani inajitokeza tena. Sardinia wanasema mesa. Kifaransa nacho hakikulitupa neno hili kabisa: e ya namna hiyo katika silabi wazi hugeuka kuwa oi katika Kifaransa, kama tulivyoona katika mois, kwa hiyo mensa likawa moise. Neno moise bado lipo, lakini ni la maseremala wa mapaa, nalo lina maana ya mbao mbili sambamba zinazobana nguzo au boriti nyingine ili zisiyumbe. Mfaransa wa kawaida anaweza kuishi maisha yake yote bila kulisikia.

Basi ni neno gani lililoisukuma moise hadi kwenye karakana? Ni tabula, ambalo kwa Warumi lilikuwa ubao: ubao wa kuandikia, wa mchezo, wa hesabu, wa sheria. Sheria za kwanza za Roma zilizoandikwa, za mwaka 451 na 450 KK, zilijulikana kwa jina la mbao kumi na mbili ambazo zilichongwa juu yake, duodecim tabulae. Katika Zama za Kati, meza ya kulia katika nyumba nyingi za Ulaya haikuwa samani ya kudumu. Zilikuwa mbao ndefu zilizotandikwa juu ya miguu ya kukunja, zikaondolewa watu walipomaliza kula. Aliyeagiza meza iandaliwe aliagiza mbao ziletwe. Hivyo table la Kifaransa, tavola la Kiitaliano na taula la Kikatalani yakashika nafasi ya mensa, ilhali katika Kihispania na Kireno watoto wa tabula, yaani tabla na tábua, wamebaki kuwa ubao hadi leo. Waitaliano hata wametenganisha jinsi za neno: tavola ni meza iliyoandaliwa kwa ajili ya mlo, na tavolo ni samani yenyewe.

Ukiitazama ramani utaona jambo la ajabu. Lugha zilizobaki na mensa ziko pembezoni: Ureno na Hispania magharibi, Sardinia kisiwani, Romania mashariki. Zilizochukua tabula ziko katikati, Ufaransa na Italia. Hili si sadfa. Mwanaisimu wa Italia Matteo Bartoli, aliyefariki mwaka 1946, alionyesha kwamba mara nyingi uvumbuzi wa lugha huanzia kwenye kitovu na kusambaa, nao usipofika pembezoni, pembezoni hubaki na la zamani. Tuna mifano mingi ya mpangilio huo huo. "Zuri" ni hermoso kwa Kihispania, formoso kwa Kireno na frumos kwa Kiromania, yote kutoka formosus, lakini Kifaransa na Kiitaliano zina beau na bello kutoka bellus. "Zaidi" ni más, mais na mai pembezoni, ila plus na più katikati. "Bega" ni hombro, ombro na umăr, lakini épaule na spalla. Mreno na Mromania, ambao hawajawahi kupakana, wanakubaliana dhidi ya majirani walio kati yao kwa sababu wote wawili wamehifadhi Kilatini cha zamani zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi wako akisema mesa, anatamka umbo ambalo raia wa Roma alilitamka kabla lugha hizi hazijapata majina.

Kuhusu maana, nitachagua zile zinazoonyesha tabia ya neno. Katika Kiromania, masă ni samani na vilevile ni mlo: a lua masa ni kula, casă și masă ni malazi na chakula, na după-masă, yaani "baada ya meza", ni jina la alasiri. Katika Kihispania na Kireno kuna neno moja, sobremesa, lililoundwa kwa vipande vilevile, "juu ya meza", lakini lina maana mbili zinazotofautiana: kwa Mreno ni kitamutamu kinacholiwa mwishoni, na kwa Mhispania ni ule muda ambao watu wanabaki wamekaa baada ya kula, wakizungumza bila haraka. Mfasiri asiyejua tofauti hiyo huharibu kazi yake. Katika sheria za Kanisa Katoliki, wanandoa walioruhusiwa kuishi mbalimbali bila ndoa kuvunjwa walisemekana kutengana a mensa et toro, "mezani na kitandani". Meza hapo imesimama badala ya maisha ya pamoja.

Kutoka kwenye watu wanaokaa pamoja ikazaliwa maana ya baraza. Mfalme João wa Tatu wa Ureno aliunda mwaka 1532 chombo cha kumshauri kuhusu mambo ya dhamiri, ambacho baadaye kilikabidhiwa pia mashirika ya kijeshi ya kidini, kikaitwa Mesa da Consciência e Ordens. Hadi sasa uongozi wa kikao cha bunge, yaani spika na wenzake, huitwa mesa katika Ureno na Hispania, na Mesa ya Baraza la Wawakilishi la Hispania ina watu tisa: rais wake, makamu wanne na makatibu wanne. Kituo cha kupigia kura nacho ni mesa. Sisi tunapozungumzia hati zilizowasilishwa mezani katika Bunge, tunafuata mapokeo ya Kiingereza, kwa hiyo ufanano huo usichukuliwe kuwa urithi wa Kireno.

Maana ya mlima wenye kilele bapa ni ya Kihispania. Kutoka huko Wamarekani walichukua mesa kuwa istilahi ya jiografia, na hifadhi ya Mesa Verde katika jimbo la Colorado, iliyoanzishwa mwaka 1906, inalibeba jina hilo. Uwanda wa juu wa katikati ya Hispania huitwa Meseta, ambalo ni umbo la kudunisha la mesa.

Wanafunzi wako wakiendelea kupekua kamusi watakutana na maneno yanayofanana na mesa bila kuwa na undugu nalo. Mesada la Kireno na Kihispania, posho ya kila mwezi, ni mtoto wa mensis. Mesón la Kihispania, nyumba ya wageni au mkahawa, limetokana na mansio, "mahali pa kukaa", ambalo ndilo lililozaa pia maison la Kifaransa. Nalo misa, ibada ya Kikatoliki, ni missa, kutoka kitenzi cha kutuma na kuruhusu watu waondoke.

Sasa pwani yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593, na Waomani waliiteka mwaka 1698. Katika karne hizo mbili Kiswahili kilichukua majina ya vitu ambavyo Wareno walivileta au kuvitumia kwa namna mpya: bendera, leso, mvinyo, kasha, karata. Meza ni mwenzao, na z yake ni z ya matamshi ya Kireno. Wapo wanaolinasibisha na Kiajemi, na hoja yao inastahili kujibiwa, kwa kuwa Kiajemi kina miz, "meza", na mizban, "mwenyeji anayekaribisha wageni", na Waajemi walifika pwani hii kabla ya Wareno. Kinachonifanya nisiikubali ni irabu ya mwisho. Neno la kigeni linaloishia kwa konsonanti kama hiyo kwa kawaida hupewa i katika Kiswahili, kama bandar la Kiajemi lilivyokuwa bandari, kwa hiyo tungetarajia mezi. Kireno kinatupa a bila kuongeza kitu. Tena neno hili linapatikana, likiwa na a hiyo hiyo, mahali pengi ambako Wareno walifanya biashara: meja katika Kimalei, mesaya katika Kisinhala, na mesa katika Kilingala, lugha ambayo ushawishi wa Waajemi haukuifikia.

Imebaki kumeza. Kitenzi hiki ni cha Kibantu kabisa, nacho kinataja kupitisha kitu kooni, ndiyo maana tunameza dawa na hata mate, mbali na meza yoyote. Kiswahili kinapotaka jina la mahali au kifaa kutokana na kitenzi hutumia viambishi vinavyojulikana, kama katika machinjio, egemeo na kituo, na nomino iliyo shina tupu la kitenzi lenye a ya mwisho, bila kiambishi, si utaratibu wake wa kawaida. Anayetaka uthibitisho ulio wazi zaidi alinganishe na majirani. Mganda anaposema kumeza anasema okumira, na Mnyarwanda anasema kumira, kwa sababu z yetu katika kitenzi hicho inalingana na r yao. Lakini meza kwa Mganda ni emmeeza, na kwa Mnyarwanda ni ameza, yote mawili yakiwa na z. Kama nomino ingekuwa imezaliwa na kitenzi, r ya kumira ingeonekana humo. Haionekani, kwa kuwa neno hilo liliwafikia kutoka pwani likiwa limekwisha kukamilika.